Mwalimu Tarajali na Kishikwambi: Nini Kitangulie Darasani?

Matini ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wazazi, walezi na wakazi wa Kata ya Kambarage, Manispaa ya Shinyanga, kuhusu walimu wanaoandaliwa vyuoni na matumizi ya teknolojia shuleni.



Mada iliyoletwa mbele ya mkutano huu inamhusu mwalimu tarajali, yaani kijana aliyeko chuoni ambaye kesho atakabidhiwa watoto wa kata hii. Kijana huyo hufika shuleni kwa mazoezi ya ufundishaji akiwa na andalio la somo mkononi na simu janja mfukoni. Amekua katika zama ambazo kutuma fedha, kusoma habari na kutafuta jibu la swali hufanyika kwa kidole. Ni jambo la kawaida basi kwamba anapofikiri juu ya ufundishaji wake, hufikiri pia juu ya kompyuta, projekta na kishikwambi. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ugeni wa mwalimu huyu unaweza kuiponya shule, lakini kwa masharti ambayo mwenyeji, yaani kata na wazazi, hana budi kuyajua.

Jambo hili linagusa mfuko. Ruzuku ya uendeshaji inayotolewa na Serikali kwa shule ya msingi imepangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake ni ya vitabu. Shule yenye wanafunzi 700, hata ikipata ruzuku yote, itakuwa na shilingi milioni saba kwa vitabu, chaki, mitihani, matengenezo na uendeshaji wa mwaka mzima. Shilingi inayonunua kifaa haiwezi tena kununua dawati. Kadhalika jambo hili linagusa maisha ya mtoto, kwa kuwa mtoto anayefika darasa la tatu bila kujua kusoma huanza kuachwa nyuma katika kila somo, na aghalabu ndiye anayeishia kuchunga ng'ombe au kubeba mawe machimboni wakati wa masomo. Kwa hiyo hoja ya leo ni moja: kifaa kitangazwe kuwa msaada pale tu ambapo somo limeandaliwa, mtu wa kulisimamia yupo, na gharama ya kukitunza imejulikana.

Darasa analolikuta

Mwalimu tarajali hujifunza mbinu zake chuoni, katika chumba chenye umeme na wanachuo wachache. Anapokuja kazini katika ukanda huu hukuta hali nyingine. Darasa lenye wanafunzi 80 au zaidi si ajabu, hasa upande wa Geita na Kahama ambako dhahabu huvuta familia kutoka kila pembe. Watoto wengine huhama na wazazi wao kutoka machimbo mpaka machimbo, wakakosa nusu muhula hapa na nusu muhula kule. Wengine huzungumza Kisukuma nyumbani na kukutana na Kiswahili cha kitabuni shuleni, kisha wakifika sekondari wanakutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishia.

Katika darasa la namna hiyo, mwalimu mpya anaweza kufanya makosa ya aina mbili. La kwanza ni kuamini kwamba skrini itamfanyia kazi aliyoshindwa kuifanya yeye, akaanza kuonyesha video moja baada ya nyingine huku wanafunzi wa nyuma hawaoni wala hawasikii. La pili ni kukata tamaa. Huyu husema kwamba bila maabara ya kompyuta hakuna kinachowezekana, akarudi kwenye kunakilisha ubaoni siku zote. Makosa yote mawili hutokana na kutazama kifaa kabla ya kumtazama mtoto.

Historia ya kanda hii yenyewe

Wakazi wa Kambarage wanaishi katika kata yenye jina la mwalimu. Hayati Julius Kambarage Nyerere alifundisha Tabora na Pugu kabla ya kuongoza nchi, na mwaka 1967 alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, uliotaka shule ifungamane na maisha ya watu wanaoizunguka. Miaka michache baadaye nchi ilionyesha jinsi teknolojia ya zama zile, yaani redio na kitabu cha bei nafuu, inavyoweza kutumika kwa akili.

Mkoa wa Shinyanga ulikuwa miongoni mwa mikoa minne ya Kanda ya Ziwa iliyoingizwa katika mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, ulioanza mwaka 1968 kwa msaada wa UNESCO. Vitabu vya kisomo viliandikwa kutokana na kazi ambazo watu walikuwa wakizifanya, kikiwamo kilimo cha pamba. Mkulima alijifunza herufi kwa maneno aliyoyajua shambani. Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya Mtu ni Afya. Takriban watu wazima milioni mbili walikusanyika katika vikundi kote nchini, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana chini ya kiongozi wa kikundi aliyepewa mafunzo, kisha wakaamua la kufanya: kuchimba choo, kufyeka vichaka, kuondoa madimbwi ya mbu.

Mpango ule ulikuwa na sehemu nne zilizoshikana. Sauti ilitoka redioni, maandishi yalikuwa mkononi, kiongozi alikuwa ameketi na watu, na mwishoni palikuwa na kazi ya kutenda. Redio peke yake isingechimba choo hata kimoja. Zanzibar nako, katika muongo wa kwanza wa karne hii, watoto wadogo walifundishwa kwa vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze. Sauti ya redioni iliuliza, ikanyamaza ili watoto wajibu, na mlezi akawaongoza kuimba, kuhesabu na kucheza. Hapo pia kifaa kilikuwa na mtu pembeni yake.

Mwaka 2020 ulitoa funzo la upande wa pili. Shule zilipofungwa tarehe 17 Machi kwa sababu ya ugonjwa wa korona, masomo yalipelekwa redioni na kwenye televisheni mpaka shule za msingi zilipofunguliwa tena tarehe 29 Juni. Mtoto aliyekuwa na redio, nafasi ya kukaa na mtu mzima wa kumsaidia aliendelea kujifunza kwa kiasi. Mtoto ambaye nyumbani kwao hapakuwa na redio, au aliyetumwa kuchunga, alikosa vyote. Teknolojia isiyofika kwa wote huongeza umbali kati ya mtoto na mtoto.

Tanga na Peru

Kuna majaribio mawili ya karibuni ambayo mwalimu tarajali angefaa kuyajua vizuri, na wazazi vilevile.

La kwanza lilifanyika hapa Tanzania, katika Mkoa wa Tanga, kati ya mwaka 2017 na 2019. Shindano la kimataifa la XPRIZE, kwa kushirikiana na Serikali, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, lilipeleka vishikwambi katika vijiji 170 kwa watoto wapatao 2,700. Ndani ya vishikwambi hivyo mlikuwa na programu za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Kabla ya kuanza, asilimia 74 ya watoto hao walielezwa kuwa hawajawahi kuhudhuria shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma neno ilipungua kwa nusu. Programu mbili, Kitkit School na onebillion, zilitangazwa washindi wa pamoja mwezi Mei 2019.

Matokeo hayo ni ya kutia moyo, lakini hayana budi kusomwa kwa uangalifu. Watoto wengi wa Tanga walikuwa nje ya shule, hivyo jaribio lile linaonyesha kwamba kishikwambi chenye masomo mazuri ni bora kuliko kukosa masomo kabisa. Halikupima kama kishikwambi ni bora kuliko mwalimu. Tena vifaa havikuachwa peke yake kijijini. Palijengwa vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua, na akina mama wa vijijini walipewa jukumu la kuvisimamia. Masomo nayo yalipangwa hatua kwa hatua, kwa lugha ambayo mtoto ataisikia shuleni. Hata kwa maandalizi hayo yote, sehemu kubwa ya watoto ilibaki bila kuweza kusoma.

La pili lilifanyika nchini Peru, Amerika ya Kusini, ambako Serikali iligawa kompyuta mpakato ndogo kwa watoto wa shule za vijijini. Watafiti waliolinganisha shule 319 walitoa matokeo yao mwaka 2012: baada ya takriban miezi 15 watoto walikuwa na ujuzi zaidi wa kutumia kompyuta, lakini alama zao za hisabati na lugha hazikupanda. Kompyuta zilikuwapo na watoto walizifurahia. Kilichokosekana ni uhusiano wa karibu kati ya kompyuta na somo la siku, pamoja na mwalimu aliyeandaliwa kuuunganisha uhusiano huo.

Muda wa majaribio hayo mawili unafanana, miezi 15 huku na miezi 15 kule. Tofauti iko katika masomo yaliyowekwa ndani ya kifaa na katika watu waliokizunguka.

Pamba huonwa shambani, bahari huonwa kwenye skrini

Mwalimu tarajali anapoandika andalio la somo, anaweza kujiuliza swali jepesi: je, jambo hili mtoto anaweza kuliona, kuligusa au kulifanya papa hapa? Ikiwa anaweza, kifaa hakihitajiki. Somo la mmea wa pamba, katika Mkoa wa Shinyanga, halina haja ya video. Mtoto apelekwe shambani, ashike tumba, ahesabu mbegu, aulize. Somo la maji kugeuka mvuke linahitaji sufuria na jiko. Somo la vipimo linahitaji debe, kibaba na mizani ya sokoni.

Lakini kuna mambo ambayo jicho la mtoto wa Shinyanga haliyafikii. Bahari na mawimbi yake, moyo unavyosukuma damu, mdudu wa malaria chini ya hadubini, dunia inavyolizunguka jua: haya video ya dakika tatu huyaeleza kuliko mchoro wa chaki. Dakika tatu zinatosha. Baada yake video izimwe, wanafunzi wachore walichokiona, waeleze kwa maneno yao, na mwalimu apite katikati ya madawati kusahihisha. Katika kusoma, simu ya kawaida yenye kinasa sauti inaweza kumsaidia mtoto anayezungumza Kisukuma nyumbani kusikia matamshi ya Kiswahili, kisha kujirekodi na kujisikia mwenyewe. Kazi hiyo haihitaji intaneti wala bando.

Pana kundi moja la watoto ambalo kwalo kifaa si anasa hata kidogo. Manispaa hii ina Shule ya Msingi Buhangija, ambayo kwa miaka mingi imepokea watoto wenye ualbino, wasioona na viziwi. Watoto wengi wenye ualbino wana uoni hafifu, na ubao ulio mita tano mbele yao ni kama haupo. Kishikwambi kinachokuza herufi mpaka zitoshe macho ya mtoto, au kinachosoma maandishi kwa sauti kwa asiyeona, humrudishia mtoto huyo nafasi yake darasani. Watoto wa namna hiyo wapo pia katika shule za kawaida, wakikaa nyuma bila mtu kujua kwamba hawaoni. Mwalimu tarajali aliyefundishwa kuwatambua, na kuanza nao anapopata kifaa kimoja tu, atakuwa ametumia teknolojia kwa haki.

Vishikwambi vya sensa

Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, Serikali iliamua kwamba vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa sensa vielekezwe kwenye elimu, na ugawaji kwa walimu ukaanza kabla mwaka huo haujaisha. Uamuzi ule ulikuwa wa busara, kwa maana kifaa kilichokwisha kununuliwa kilipewa kazi ya pili. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo imeweka vitabu vya kiada katika maktaba mtandao yake, ambako mwalimu na mzazi wanaweza kuvisoma bila malipo. Mwaka 2024 utekelezaji wa mitaala mipya ulianza, na stadi za TEHAMA zimepewa uzito katika mitaala hiyo. Mlango basi umefunguliwa kutoka juu.

Yanayobaki ni ya chini, na ndiyo yanayoamua. Betri hufa. Kioo hupasuka. Umeme wa LUKU huisha katikati ya wiki, na shule haina fungu la kuongeza. Chumba chenye kufuli imara hakipo, hivyo mwalimu mkuu, kwa kuogopa wizi, huvifungia vifaa kabatini, navyo hubaki vipya mpaka vinapitwa na wakati. Nchi jirani ya Kenya, iliyosambaza zaidi ya vishikwambi milioni moja katika shule za msingi kuanzia mwaka 2016, ilikutana na matatizo hayo hayo katika baadhi ya shule zake. Mwalimu kijana mara nyingi ndiye pekee shuleni mwenye ujuzi wa kutengeneza hitilafu ndogo. Akihamishwa, ujuzi huondoka naye.

Yanayopendekezwa kwa Kambarage

Kwa kuzingatia hayo, yapo mambo matano ambayo wakazi wanaweza kuyafikisha kwenye mikutano ya wazazi, kamati za shule na Kamati ya Maendeleo ya Kata.

Kwanza, kila shule iandike orodha ya vifaa ilivyonavyo, vizima na vibovu, na ibandike orodha hiyo mahali ambapo mzazi anaweza kuisoma. Kifaa kinachojulikana na watu wote ni vigumu kupotea au kulala kabatini.

Pili, kabla ya kununua au kupokea kifaa chochote, kamati ya shule iulize maswali matatu: kitafundishia somo gani na darasa gani, nani atakisimamia, na gharama ya umeme na matengenezo kwa mwaka italipwa na nani. Maswali hayo yaulizwe hata kwa mfadhili. Katika halmashauri zenye migodi, sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2017 inaitaka migodi ikubaliane na halmashauri juu ya mpango wa kila mwaka wa huduma kwa jamii. Kompyuta ni zawadi inayopendeza kwenye picha. Mafunzo ya walimu na fungu la matengenezo havipigwi picha, lakini bila hivyo kompyuta ni samani tu.

Tatu, mwalimu tarajali anapokuja kwa mazoezi apewe mwalimu mzoefu wa kufanya naye kazi kwa pande zote mbili. Kijana amwonyeshe mwenzake jinsi ya kupakua vitabu mara moja, kuvihifadhi kwenye kadi ya kumbukumbu na kuvigawa bila kutumia bando tena. Mwalimu mzoefu amwonyeshe kijana jinsi ya kulishika darasa la watoto 80, kumtambua aliyeachwa nyuma, na kulieleza jambo gumu kwa mfano wa nyumbani. Mazoezi yakiisha, ujuzi utabaki shuleni.

Nne, watoto wa darasa la kwanza na la pili waanze na kitabu, sauti ya mwalimu na kalamu. Kusoma, kuandika na kuhesabu ndio msingi wa kila kinachofuata, na mtoto asiyeweza kusoma sentensi hawezi kufaidika na intaneti. Kifaa kije kumsaidia aliyekwama, kwa muda maalumu na chini ya uangalizi.

Tano, heshima ya mtoto ilindwe. Nchi sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Picha ya mwanafunzi, alama zake au hali ya afya yake visisambazwe kwenye makundi ya simu bila ridhaa ya mzazi au mlezi, hata kwa nia njema. Mwalimu kijana aliyezoea kupiga picha kila jambo akumbushwe hili siku ya kwanza anaporipoti.

Mambo hayo matano hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji mahudhurio ya wazazi kwenye vikao na uvumilivu wa kuuliza mpaka majibu yapatikane. Maswali ya ziada kuhusu vifaa vya shule yanaweza kupelekwa kwa mwalimu mkuu wa shule husika, kwa Afisa Elimu Kata au kwa Mtendaji wa Kata katika saa za kazi.